Pikipiki milioni tatu, jaketi elfu thelathini

Nimekuwa adimu wiki hizi mbili, mhariri alitubana. Leo nina jambo moja tu la kusema na najua litawaudhi watu wa pande mbili. Upande wa kwanza ni waheshimiwa wa pikipiki kubwa, wale wanaokutana Jumapili asubuhi Masaki kunywa kahawa kabla ya kwenda Bagamoyo na kurudi. Upande wa pili ni wenzangu na mimi, watu wa Boxer na Honda XL, ambao ukitaja jaketi wanakwambia hayo ni mambo ya Wazungu. Mnajiona mnapingana, lakini mimi nasikia wimbo mmoja: kwamba ngozi ya mtu italindwa kulingana na unene wa pochi yake.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Sizungumzii kutoka Sinza kwenda Posta. Nazungumzia zile safari ambazo vijana wengi wa rika langu tumezianza: begi linafungwa nyuma kwa kamba za mpira, tangi linajazwa, na kabla jua halijatoka umeshaipita Kibaha. Unakunywa chai Morogoro, unavuka Mikumi ukiwaangalia tembo kwa jicho moja na malori kwa jicho la pili, unapanda Kitonga, unalala Iringa. Kesho yake unaiacha lami makusudi. Au unashika njia ya Tanga, ukifika Mombo unakata kulia kupanda Lushoto, na mbele ya hapo ni changarawe na makorongo mpaka Mtae. Hakuna anayekulipa na hakuna anayekusubiri huko uendako. Unakwenda kwa sababu barabara ipo.

Televisheni ina mchango wake katika hili. Mwaka 2004 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, waliendesha pikipiki za BMW kutoka London mpaka New York kwa kupitia mashariki, na mwaka 2007 wakatoka Scotland mpaka Cape Town, wakapita na hapa kwetu. Filamu zao zimetazamwa sana. Tangu hapo picha ya msafiri wa pikipiki imekuwa ni moja: mtu mrefu, pikipiki kama ng'ombe, suti ya kijivu yenye mifuko isiyohesabika. Sina ugomvi na wale jamaa, walisafiri kweli. Ugomvi wangu ni na hiyo picha, maana imewafanya watu waamini kwamba bila suti ile wewe si msafiri, na kwa kuwa suti ile huiwezi, basi vaa chochote.

Sikilizeni waheshimiwa wa Masaki wanavyomshauri kijana. "Jaketi la maana, mdogo wangu, linaanzia milioni moja na nusu. Kama huna, jipange kwanza." Ajipange mpaka lini? Kijana mwenye Boxer iliyomgharimu karibu milioni tatu, ambayo nusu yake bado ni deni la kikundi, hatajipanga. Ataondoka Ijumaa hiyo hiyo na jaketi la baridi la elfu thelathini, lile lililojaa pamba, asubuhi analivaa kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usimpige kifuani. Ushauri usioweza kutekelezwa ni sawa na kunyamaza, tofauti yake ni kwamba mtoa ushauri anabaki akijisikia vizuri.

Tena ushauri wenyewe si wa kweli. Hebu tujiulize ile milioni na nusu inanunua nini. Kwa sehemu kubwa inanunua kutolowa. Ndani ya majaketi ghali kuna utando mwembamba kama Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa mwaka 1969, wenye vitundu vidogo mno ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho unapita. Ni kitu cha ajabu, sibishi. Lakini mvuke huo hutoka vizuri pale ambapo nje ni pakavu na pana ubaridi kuliko ndani. Sasa simama kwenye foleni ya Mbezi saa saba mchana mwezi wa Februari, unyevu wa hewa umekuzunguka kama blanketi lililolowa, halafu uniambie mvuke wako umeelekea wapi. Umelipia mlango ambao kwetu muda mwingi umefungwa. Fedha inayobaki imelipia jina lililoandikwa begani.

Australia na New Zealand walichoshwa na hadithi hizi. Mwaka 2018 walianzisha mpango unaoitwa MotoCAP, ambao hununua nguo za pikipiki madukani kama mteja wa kawaida, huzikwangua na kuzigonga maabara, kisha hutoa nyota mara mbili: moja ya ulinzi na moja ya kupitisha hewa. Matokeo yako wazi mtandaoni, bure. Pitia orodha yao jioni moja utakuta majaketi ya bei mbaya yenye nyota chache, na ya bei ya kawaida yanayoyazidi. Nchi ile ina joto kama letu, ndiyo maana wakaona hewa nayo ipimwe. Jaketi lililobaki msumarini kwa sababu ya joto halimlindi mtu.

Sasa niwageukie wenzangu, maana nimeona mnacheka.

Nyie mna sababu tatu na nimezisikia zote. Joto. Naendesha taratibu. Ajali ni kudra ya Mungu. Hiyo ya tatu siigusi, ila nashangaa kwamba wanaoisema hufunga pikipiki zao kwa mnyororo usiku. Hiyo ya pili nitaijibu kwa mfano wa mtu.

Nina rafiki yangu, mpiga picha wa kujitegemea, kijana mwangalifu kuliko mimi. Alianguka mwaka jana juu ya Lushoto, kwenye kona ya changarawe, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa. Hakugongana na mtu, tairi la mbele tu lilimkimbia. Alikuwa na jaketi jeusi la "ngozi" kutoka Kariakoo, shilingi 65,000, lenye michirizi mekundu na neno "Racing" mgongoni. Ngozi ile ilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Mshono wa mkono ulifunguka kuanzia kiwiko mpaka begani kama maganda ya ndizi. Ndani ya kiwiko, pale alipoambiwa pana kinga, palikuwa na kipande cha sponji, ile ile ya kuoshea vyombo. Nesi alimsafisha kwa brashi, changarawe moja moja, na rafiki yangu anasema kuanguka hakukuuma kama ile brashi. Wiki sita hakuweza kuinua kamera. Yeye analipwa kwa picha, asipopiga halipwi. Alinifanyia hesabu mwenyewe: kipato alichokosa kingenunua majaketi manne mazuri, mapya, na chenji ingebaki.

Mnaona? Aliyemuuzia lile jaketi hakudanganya kuhusu joto wala baridi. Alidanganya juu ya vitu viwili ambavyo ndivyo jaketi lenyewe: kinachopokea kishindo na kinachopokea lami. Mengine yote ni mapambo.

Kinachopokea kishindo ni kinga za mabega, viwiko na mgongo. Za kweli zina alama iliyochapwa juu yake: picha ndogo ya mwendesha pikipiki na namba EN 1621-1 kwa mabega na viwiko, au EN 1621-2 kwa mgongo. Ichomoe mfukoni mwake uisome. Huipimi kwa kuibinya kwa kidole dukani, sponji nayo hubinyika. Maabara huangusha uzito juu yake na kupima nguvu kiasi gani inavuka upande wa pili. Kwa kiwiko, daraja la 1 huruhusiwa kupitisha wastani wa kilonyutoni 35, daraja la 2 ni 20 tu. Kwa mgongo ni 18 na 9. Kwa hiyo tofauti kati ya 1 na 2 ni kubwa, karibu nusu, na mara nyingi tofauti ya bei yake ni ndogo kuliko tangi moja la mafuta ya gari. Na mgongoni uwe macho: majaketi mengi, hata ya kampuni zenye heshima, huuzwa na sponji mgongoni ili "ununue kinga mwenyewe baadaye". Hiyo baadaye wengi hatuifikii.

Kinachopokea lami ni kitambaa na mishono. Hapa ndipo lebo ya ndani ya jaketi inapokuja. Tangu mwaka 2020 Ulaya inatumia kipimo cha EN 17092, chenye herufi. AAA ndiyo juu, halafu AA, halafu A. Sehemu zinazogusa chini kwanza hupimwa kwenye mashine kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa kwa AAA, 70 kwa AA na 45 kwa A. Zipo pia B na C, na hizi ndizo za kuogopa kwa asiyesoma: B ni kitambaa bila kinga za kishindo, C ni kinga tu zilizoshikwa na wavu, kitambaa chake hakikusudiwi kukwaruza lami. Kwa safari za namna yetu mimi ningetafuta AA. Nikikosa ningechukua A ya matundu yenye kinga za daraja la 2, na kofia ngumu nzuri, nikaondoka bila kinyongo.

Wauzaji hupenda kukutajia namba. "Kaka hii ni 600D!" Namba hiyo inaeleza unene wa uzi tu, haielezi ni uzi wa nini. Nailoni ya Cordura ya 500D hustahimili kukwaruzwa kuliko poliesta ya kawaida ya 600D, hata kama kwa hesabu za darasa la pili 600 ni kubwa. Na jaketi la baridi lililojaa pamba, poliesta yake nyembamba ikisuguliwa kwa nguvu kwenye lami inayeyuka. Hapo nesi anakuwa na kazi ya ziada.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya mganga. Jaketi halitakusaidia ukiingia uvunguni mwa basi. Harry Hurt, aliyechunguza ajali 900 huko Los Angeles na kutoa ripoti yake mwaka 1981, alisema nguo nzuri hupunguza michubuko na kuchanika, majeraha ambayo ni mengi lakini mara chache huua. Na utafiti uliofanyika Canberra, ukachapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia waendesha pikipiki 212 walioanguka: waliovaa majaketi ya pikipiki walilazwa hospitali kwa uchache zaidi, lakini majaketi karibu 3 kati ya 10 yalishindwa, yalichanika au kufunguka. Na hayo yalikuwa majaketi ya pikipiki, yameuzwa Australia, kwa watu wenye mahakama za kulalamikia! Ndiyo maana nasema soma lebo, usisome bei.

Haya, joto. Hili la joto nalikubali kabisa na ndiyo sababu nasema msinunue yale majaketi mazito "ya misimu yote". Hakuna jaketi la misimu yote kwenye njia inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Njombe mwezi wa Juni. Ruaha Mbuyuni unaoka, Makambako meno yanagongana, na ni siku moja. Nunua jaketi la matundu lenye kinga. Hewa inapita moja kwa moja, na ukiwa mwendoni utashangaa lilivyo jepesi. Ndani yake, ukipanda milima, unavaa sweta la shule ya sekondari ambalo bado unalo. Juu yake, mvua ikija, unavaa koti la mvua la nailoni la wauza samaki wa Feri, pana, lisilo na aibu. Vitu vitatu, na viwili unavyo tayari.

Na ukipata kizibao cha kung'aa vaa juu ya vyote. Najua, kinakufanya ufanane na bodaboda. Fanana nao. Utafiti wa Auckland uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta waliovaa nguo za kung'aa au kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya kuumia ajalini pungufu kwa asilimia 37. Msomi wa chuo kikuu anayeona haya kufanana na bodaboda huku jaketi lake jeusi tupu likipotea kwenye giza la Chalinze, mimi simwelewi.

Tunapata wapi? Jibu la kwanza ni mitumba. Karume, lile soko lililoungua Januari 2022 na watu wakarudi kwenye meza zao, majaketi ya pikipiki ya Ulaya huja ndani ya belo la makoti ya baridi, na wauzaji wengi hawajui ni nini. Nimeyaona kati ya shilingi 40,000 na 90,000, kutegemea siku na uso wako. Nenda asubuhi. Lakini kumbuka jambo moja: sheria mpya ya Ulaya ya vifaa vya kujikinga ilianza kutumika Aprili 2018, kwa hiyo mengi ya zamani yana alama kwenye kinga tu, jaketi lenyewe halikupimwa. Alama ya CE kwenye kiwiko haisemi lolote kuhusu kitambaa cha kiwiko. Hapo utumie macho. Vuta mshono kwa mikono miwili kama unagombana nao. Mshono wa mistari miwili au mitatu kwenye mabega na viwiko ndio unaoutaka. Kinga ikimeng'enyuka vidoleni kama mkate mkavu, imezeeka, itupe. Kinga huuzwa peke yake na ukiipata unaingiza mpya kwenye mfuko ule ule. Ngozi halisi iliyopasuka kwa ukavu iache, hata kama inakupendeza.

Halafu livae, ukae kwenye pikipiki ya mtu yeyote iliyo karibu, ushike usukani, umwambie mwenzako avute mkono wa jaketi. Kinga ikihama kutoka kwenye kiwiko kwenda kwenye nyama ya mkono, siku ya siku nayo itahama. Jaketi kubwa "la kukulia" tuliachana nalo darasa la saba. Kama limebaki kulegea kidogo, fundi cherehani anaweza kuongeza mikanda ya kubana, mradi atumie uzi wa nailoni na si ule wa kushonea sare.

Mitumba lakini ni bahati nasibu, na mimi sipendi usalama wa watu utegemee bahati nasibu. Hapa nafika kwenye kidonda chenyewe.

Boxer ni ya Bajaj, kampuni ya Pune. TVS inatoka Tamil Nadu. Nchi yetu imejaa pikipiki kutoka India, na meli inayozileta inajua njia. Sasa India hiyo hiyo ina joto kama letu na zaidi, ina vijana wasio na fedha kama sisi, na ina wendawazimu wa safari kama sisi. Wao huelekea Ladakh, hasa tangu Royal Enfield walipotoa pikipiki yao ya Himalayan mwaka 2016. Kwa hiyo wana kampuni za kwao, Rynox na Viaterra kwa mfano, na Royal Enfield wenyewe wanashona. Majaketi ya matundu, yenye kinga zenye alama, ya kuanzia yanapatikana kwa chini ya rupia 10,000. Piga hesabu, ni kama shilingi laki tatu. Sehemu moja ya kumi ya Boxer.

Niliwauliza wauzaji watatu wa pikipiki hapa mjini kwa nini hawaagizi hata katoni moja. Mmoja aliniuliza nimetumwa na gazeti gani. Wa pili alisema atafikiria. Wa tatu alicheka akasema, "Mdogo wangu, nani atanunua? Hawa hata kofia wanaivaa wakimwona trafiki." Huyo mtu anauza pikipiki kila siku ya Mungu. Anaongeza na fulana yenye nembo ya kampuni, bure, na kalenda. Anawajua wateja wake wataanguka, maana ndio hao hao wanaorudi kununua taa, vioo na usukani, na hivyo anavyo, rafu nzima. Vipuri vya pikipiki iliyoanguka vina soko, kasoro ya mtu aliyeanguka nayo.

Nitarudi kwa yule wa pili, aliyesema atafikiria, mwisho wa mwezi. Nataka nimpelekee orodha ya watu walio tayari kutoa nusu ya fedha kabla mzigo haujafika, na vipimo vyao vya kifua na mikono. Mpaka sasa tuko kumi na moja. Anayetaka kuwa wa kumi na mbili aniandikie. Na Jumamosi hii nitakuwa Karume kuanzia saa kumi na mbili na nusu, wakati mabelo yanafunguliwa. Njoo na shati jembamba ili ujaribu vizuri, na usimwambie muuzaji ni jaketi la pikipiki.